Nani amekuona ukifanya kazi?

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Dodoma, Singida na wilaya za jirani zimebeba jambo moja, nalo ni kazi ya kwanza baada ya chuo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu mwandishi wake alikubali kunitumia pia barua yake ya maombi na wasifu wake, na humo ndimo nilimokuta jibu ambalo yeye mwenyewe hakujua kwamba analo.

Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Mpwapwa. Nilihitimu shahada ya kwanza ya mipango ya maendeleo hapa Dodoma miaka miwili iliyopita, na tangu wakati huo ninaishi Nkuhungu kwa mjomba wangu. Nimetuma maombi ya kazi 43, yote nimeyaorodhesha kwenye daftari. Nimeitwa mara mbili kwenye usaili wa mchujo wa serikali na mara zote sikuvuka. Mashirika karibu yote yanataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu, nami sijui nitaupata wapi ikiwa hakuna anayekubali kunipokea bila uzoefu huo. Mjomba hajasema neno, lakini siku hizi mke wake hupenda kutukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu anauza karanga na bado anadaiwa fedha alizonikopea nikiwa mwaka wa mwisho. Kwa sasa kazi zangu ni za nyumbani tu, pamoja na kumwandikia mke wa mjomba hesabu za kikundi chao cha vikoba kila Jumamosi. Je, nirudi chuoni kusoma shahada ya uzamili, au niweke vyeti sandukuni nikauze mitumba pale Sabasaba? — Binti wa Nkuhungu

Marahaba, binti yangu. Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu hupunguza aibu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, na walioomba walizidi watu 135,000, yaani takriban watu 85 kwa kila nafasi moja. Katika foleni ya namna hiyo wengi wenye uwezo hubaki nje, na mtu aliyeshindwa kuvuka mchujo mara mbili hana sababu ya kujihukumu kuwa hana akili. Nimelisema hili mwanzo kwa sababu barua yako ya maombi inasomeka kama barua ya mtu anayeomba radhi, na msomaji wa barua za namna hiyo huihisi hofu hiyo kabla hajafika aya ya pili.

Sasa tuje kwenye uzoefu. Nilikaa kwenye majopo ya usaili kwa zaidi ya miaka ishirini nikiwa afisa utumishi, na kuna jambo ambalo tangazo la kazi haliliandiki waziwazi. Ni kweli kwamba katika nafasi za serikali, miaka ikiwekwa kuwa sharti basi ni sharti, na usipoteze bando lako kuomba nafasi ya daraja ambalo hujalifikia. Lakini shirika dogo, kampuni au chama cha ushirika kinapoandika "uzoefu wa miaka miwili", mara nyingi hakina mzani wowote wa kupimia miaka hiyo. Kinachoogopa ni kumkabidhi dawati, fedha au pikipiki ya ofisi mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikabidhiwa kitu na kukirudisha salama. Swali la mwajiri huyo, ukilivua mavazi yake, ni hili: nani amekuona ukifanya kazi, na atasema nini nikimpigia simu?

Wasifu wako haulijibu swali hilo. Unaanza hivi: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa." Sentensi hiyo naifahamu kama ninavyoufahamu wimbo wa taifa. Inaishi kwenye kompyuta ya steshenari, ambako kijana hulipa fedha kidogo, akabadilishiwa jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha akaondoka na wasifu wa mtu mwingine. Siku moja jopo letu lilipokea maombi kumi na moja yenye sentensi hiyo hiyo, mengine yakiwa yamebeba hata kosa lile lile la herufi, na mwenyekiti wetu, ambaye si mtu wa mzaha, aliuliza kama waombaji wote walizaliwa na mama mmoja.

Chini kabisa ya ukurasa wa pili, baada ya hobi zako, nikakuta mstari mmoja: "Mafunzo kwa vitendo, wiki nane, halmashauri ya wilaya." Ndiyo maana nilikupigia simu. Katika mazungumzo ya robo saa ukanieleza kwamba katika wiki hizo ulitembea vijiji sita, ukakusanya takwimu za kaya 180, ukasaidia kuendesha mikutano miwili ya wananchi kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wanakijiji wenyewe hutaja walicho nacho na kinachowakwamisha kabla ya kupanga, na kwamba rasimu ya mpango wa kijiji kimoja uliyoiandika wewe ilipelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Nikakuuliza kwa nini hayo hayamo kwenye wasifu. Ukajibu kwamba ulidhani ni mambo ya chuo tu. Binti yangu, hayo ndiyo mambo ambayo afisa mipango hulipwa mshahara kuyafanya.

Kisha kuna vikoba, ambavyo umevitaja kana kwamba ni sehemu ya kuosha vyombo. Uliniambia kikundi kina wanachama 28, kwamba umeandika daftari lake kwa miezi 19, na kwamba kwenye mgawo wa mwisho wa mwaka hakuna aliyelalamika. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na kikundi cha akina mama wakati wa mgawo anajua kwamba kutolalamika huko ni cheti. Tena, mke wa mjomba anayekukumbusha jembe ndiye aliyeweka fedha za wenzake mikononi mwako. Huenda hajakuchoka kwa kiasi unachodhani.

Basi futa ile sentensi ya uchapakazi na uanze wasifu wako kwa kazi. Andika, kwa mfano: "Nilikusanya takwimu za kaya 180 katika vijiji sita na kuandaa rasimu ya mpango wa maendeleo wa kijiji kimoja, iliyowasilishwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata." Chini yake andika: "Ninatunza hesabu za kikundi cha akiba na mikopo chenye wanachama 28, kwa miezi 19 sasa, zikifungwa kila wiki." Hakuna sifa hata moja katika mistari hiyo miwili, na msomaji atazitoa sifa mwenyewe. Hobi ziondoe zote. Wasifu wa mhitimu asiyewahi kuajiriwa hauhitaji kuzidi kurasa mbili, na barua ya maombi haihitaji kuzidi ukurasa mmoja.

Ukimaliza hapo, badilisha wadhamini. Umeandika wahadhiri wawili, ambao kwa maelezo yako mwenyewe walifundisha darasa la wanafunzi zaidi ya mia tatu na hawakukumbuki kwa sura, na wa tatu ni mjomba. Mjomba aondoke, ndugu hawezi kusema vingine. Mhadhiri mmoja abaki, yule aliyesimamia utafiti wako, kwa sharti kwamba umwandikie kwanza ukimkumbusha mada yake na kuomba ridhaa. Nafasi mbili zilizobaki wape afisa mipango aliyekusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo na mwenyekiti wa kikundi cha vikoba. Najua utasita kumweka mama wa vikoba chini ya daktari wa falsafa. Usisite. Nimepiga simu nyingi za wadhamini katika maisha yangu, na msomi anayesema "nadhani alikuwa mwanafunzi mzuri" hajawahi kumsaidia mtu, ilhali mama mmoja wa Makole aliyeniambia "huyo mtoto alitukatalia kutoa mkopo bila saini tatu, tukamnunia mwezi mzima" alimpatia kijana wa watu kazi.

Hayo ni ya mashahidi ulio nao tayari. Wapo pia ambao unaweza kuwapata ndani ya miezi sita ijayo, na hapa mji unaoishi una neema ambayo vijana wake wengi hawaitazami. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 na baadaye ukarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kikundi kinachoomba hutakiwa kuwa na mradi unaoeleweka kwenye karatasi, pamoja na gharama zake, soko lake na namna ya kurejesha, na hapo ndipo vikundi vingi vya watu hodari kwa mikono hukwama. Wewe umefundishwa kuandika andiko la mradi kwa miaka mitatu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, ujitambulishe kwa barua, na umwombe akukutanishe na vikundi viwili au vitatu ambavyo maandiko yao yamerudishwa. La kwanza andika bure. La pili toza kiasi kidogo. Likipita hata moja, umepata sentensi mpya ya wasifu na mdhamini ambaye ana sababu ya kukukumbuka. Njia hiyo hiyo inafaa kwa vyama vya ushirika vya wakulima wa zabibu kule Hombolo na Mpunguzi, ambavyo havina uwezo wa kuajiri mtaalamu wa mipango mwaka mzima lakini vinaweza kumlipa mtu kwa kazi ya wiki mbili.

Jisajili pia kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ambao hupokea wahitimu, huwaunganisha na waajiri na huwapeleka wengine kwenye mafunzo ya uzoefu kazini. Usajili huo haukuzuii kuendelea na mambo mengine, na usikae nyumbani ukiusubiri.

Kuhusu serikali, endelea kuomba, ila uombe kwa utaratibu. Matangazo yote ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia usaili wa kazi za serikali, hupita kwenye mfumo wake wa mtandaoni, na nimeona vijana wengi wakiondolewa kwa mambo ambayo hayahusiani na uwezo wao: barua isiyo na saini, hati ya matokeo ya kidato cha nne iliyowekwa badala ya cheti chenyewe, vyeti visivyothibitishwa na wakili, au jina lililoandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa namna nyingine kwenye cheti cha chuo bila kiapo cha kisheria cha kueleza tofauti hiyo. Wewe una "Zainabu" mahali pamoja na "Zaynab" mahali pengine (nimebadili jina lako hapa, lakini tatizo ni hilo hilo). Lishughulikie mwezi huu, kabla ya tangazo linalofuata, kwa kuwa tangazo likishatoka muda huwa mfupi na foleni kwa mawakili huwa ndefu.

Kwa mchujo wenyewe mtu hujiandaa kwa kusoma majukumu ya kazi yaliyoandikwa kwenye tangazo, maana maswali mengi huchimbwa humo. Uliponiambia kwamba ulijiandaa kwa kukariri majina ya mawaziri, nilisikitika. Kwa kada yako, soma Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, na mwenzake wa Mamlaka za Miji, Sura ya 288. Soma namna bajeti ya halmashauri inavyoanzia kijijini hadi kwenye baraza la madiwani. Isome Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma Julai 2025, na uwe na uwezo wa kueleza inatofautianaje na ile ya 2025. Kumbuka pia kwamba kila msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi. Kijana wa Kigoma anayeitwa kwenye usaili unaofanyikia Dodoma hukopa nauli na kulala kwenye kiti cha basi, na wewe utaamka Nkuhungu ukapanda daladala. Hiyo ni faida. Itumie kwa kutokosa usaili hata mmoja.

Sasa maswali yako mawili ya mwisho. Uzamili, hapana, si sasa. Shahada ya pili ingekuwa na maana kama unataka kufundisha chuoni au kama kazi unayoilenga inaidai. Kwa hali yako itaongeza deni la mama na kukurudisha kwenye swali lile lile ukiwa na miaka 27. Mitumba, ndiyo, kama mtaji upo na kama itakuwa siku tatu kwa wiki. Sioni ulazima wa kuviweka vyeti sandukuni ili kuuza nguo. Fedha ya Sabasaba italipa bando, wakili na nauli, itakuwezesha kuweka unga na mafuta kwenye jikoni ya mjomba bila kuombwa, na hilo la mwisho litapunguza methali nyumbani. Siku mbili za wiki zibaki za maandiko na maombi, na Jumamosi ibaki ya vikoba.

Mama, salaam. Mimi ni mzee wa Kongwa, baba wa watoto watatu. Nilipomaliza chuo cha kilimo mwaka 1984, barua ya kupangiwa kituo ilinikuta nyumbani kabla ya mavuno, nikaripoti kazini nikiwa bwana shamba hadi nilipostaafu. Mwanangu wa pili amehitimu shahada ya ualimu wa Historia na Kiswahili miaka mitatu iliyopita. Niliuza ng'ombe wanne kwa ajili yake. Sasa kutwa ameshika simu, nikimuuliza anasema anatafuta kazi. Ana miaka 28. Je, huyu ni mvivu? Na umri hautampita? — Baba, Kongwa

Kaka yangu, salaam nyingi na pole kwa ng'ombe. Umri haujampita, kwa sababu matangazo mengi ya utumishi wa umma huweka ukomo wa miaka 45. Kuhusu uvivu sina namna ya kumpima kutoka hapa, lakini naweza kukueleza kwa nini wewe na yeye hamwelewani.

Wewe ulihitimu wakati ambapo serikali ilikuwa ndiyo mwajiri mkuu, wahitimu walikuwa wachache na nafasi zilikuwa zikiwasubiri, hivyo kazi ilikutafuta wewe. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi na mashirika ya umma yakabinafsishwa, kisha katika miaka ya 2000 vyuo vikaongezeka sana. Chuo Kikuu cha Dodoma peke yake kilianzishwa mwaka 2007. Walimu walibaki kwa muda mrefu na utaratibu unaofanana na wako, wa kuomba na kupangiwa kituo, na mwanao huenda alichagua ualimu kwa sababu wewe ulimwambia kwamba mwalimu hakosi kazi. Kuanzia mwanzoni mwa 2025 hata walimu wanafanyiwa usaili. Mlango ulibadilishwa akiwa tayari yuko kwenye korido. Na matangazo, maombi, majibu, vyote viko kwenye simu hiyo inayokukera.

Hata hivyo, una haki ya kudai hesabu. Mwombe kila Jumapili akuonyeshe ameomba wapi wiki hiyo na kumejibiwa nini. Kama daftari ni tupu, utakuwa umepata jibu la swali lako bila kugombana. Muulize pia mara ya mwisho alisimama lini mbele ya darasa, kwani mwalimu aliyekaa miaka mitatu bila kushika chaki hupoteza sauti yake, na kwenye usaili wa vitendo jambo hilo huonekana ndani ya dakika tano. Kama shule ya kata ina upungufu wa walimu wa somo lake, aandike barua ya kuomba kujitolea kupitia kwa mkuu wa shule, ijibiwe kwa maandishi, na iwe kwa muhula mmoja au miwili inayojulikana mwanzo na mwisho. Mkuu wa shule huyo atakuwa mdhamini wake.

Kuna jambo moja ambalo ni lako peke yako. Msimu ujao mpe yeye alizeti na mahindi yako ayasimamie, kuanzia gunia la kwanza hadi soko la Kibaigwa, alete hesabu na achukue asilimia mliyokubaliana. Usimpe kama adhabu. Na mbele ya wageni, tafadhali, usiulize lini ataanza kazi.

Habari za kazi, Mama. Nina stashahada ya uhasibu na ninajitolea kwenye kampuni moja ya kusindika alizeti hapa Singida. Nimefikisha miezi 14. Ninaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki. Ninaandaa stakabadhi, ninapeleka fedha benki na ninafunga hesabu za mwezi. Nauli ni yangu. Kila nikiuliza naambiwa nivumilie, nafasi ikitoka ni yangu. Nikiondoka nitakuwa nimepoteza miezi 14 bure. Nifanye nini? — Mhasibu asiye na mshahara

Kijana wangu, nimetoka kuwaambia wawili waliokutangulia hapa kwamba kujitolea ni njia nzuri, na barua yako inanilazimu kuweka mpaka wake. Kujitolea kuna maana pale ambapo kuna barua, kuna mwanzo, kuna mwisho na kuna mtu anayekufundisha. Wewe huna hata kimoja, na unapeleka fedha za kampuni benki. Wanakutumia.

Tena sheria haiangalii jina ambalo mwajiri amelipatia jambo hilo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka vigezo ambavyo kimojawapo kikiwepo, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwa vigezo hivyo ni kwamba namna ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, kwamba anapewa vitendea kazi na huyo mwingine, na kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wewe saa 45 unazimaliza ndani ya wiki moja. Chombo kinachopokea migogoro ya namna hii ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mambo huanza kwa usuluhishi, na madai huwa na muda maalumu wa kufunguliwa, kwa hiyo usiahirishe mwaka hadi mwaka.

Sikushauri uanzie huko. Andika barua ya heshima kwa meneja, ukiorodhesha kazi unazofanya na tarehe uliyoanza, na uombe moja kati ya mambo mawili ndani ya siku thelathini: mkataba wenye mshahara, au barua ya uthibitisho wa kazi ulizofanya. Mpe mkononi, na nakala ibaki kwako ikiwa imesainiwa kuwa imepokelewa. Akikupa mkataba, angalia kama umetaja mshahara, saa za kazi na michango ya hifadhi ya jamii. Akikupa barua tu, ichukue, shukuru, uondoke. Miezi 14 ya kufunga hesabu kwenye kiwanda, ikiwa kwenye karatasi yenye muhuri, ina thamani Singida yote na hata hapa Dodoma. Akikataa vyote viwili, atakuwa amekuonyesha nafasi hiyo ingetoka lini. Wakati huo huo muombe namba mteja au ofisa wa benki aliyekuzoea, yule anayekuona kila wiki ukileta fedha zikiwa kamili. Naye pia ni shahidi.

Mama, kuna mtu amenipigia simu akisema yuko ofisi za serikali za Mtumba, Dodoma, na kwamba jina langu limo kwenye orodha ya waliofaulu usaili, ila nitume shilingi 350,000 za kushughulikia faili kabla ya Ijumaa. Rafiki yangu amenishauri nikope. Nitume? — Msomaji, Manyoni

Usitume hata mia. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakuna malipo, kufaulu usaili hakuna malipo, na kupangiwa kituo hakuna malipo. Majina ya waliofaulu hutangazwa hadharani na utayaona mwenyewe kwenye tovuti yao na kwenye akaunti yako. Mtu huyo ama hayuko Mtumba kabisa, ama yupo na anataka rushwa, na kwa upande wako matokeo ni yale yale. Jibu langu lingekuwa hilo hilo kama angekutaka kimwili badala ya fedha, jambo ambalo mabinti huniandikia wakiomba nisichapishe barua zao: rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113, na ina ofisi wilayani kwako. Usimjibu kwa matusi, usimtishe na usifute ujumbe wake wala kumbukumbu ya simu alizopiga. Nenda nayo simu yenyewe, kabla ya hiyo Ijumaa aliyokupa.